Saa ya kipindi na saa ya kuchunga: Luninga inavyowapata na kuwapoteza watoto wa Singida

NI Jumamosi asubuhi katika mtaa wa Majengo, mjini Singida. Mlangoni mwa nyumba moja yenye king'amuzi, ndara ndogo zilizovuliwa ni nyingi kuliko watoto wa nyumba hiyo. Ndani, watoto wa jirani na wa jirani wa jirani wameketi sakafuni, wadogo mbele na wakubwa nyuma, na mwenye nyumba amekwisha kuzoea.

Wimbo wa kufungulia kipindi cha katuni unapoanza, kelele hukatika kwa muda mfupi, kisha hurudi kwa namna nyingine: wote wanaimba. Hakuna mwalimu aliyewafundisha wimbo huo. Wameujua kwa kuusikia wiki baada ya wiki.

Mandhari hayo ni ya kawaida katika miji yetu, na kwa kuwa ni ya kawaida, ni wachache wanaoyatazama kwa makini. Mtoto wa miaka sita asiyejua tarehe ya leo anajua kwamba leo ni siku ya kipindi chake. Huo ni uaminifu ambao chama chochote cha siasa au kampuni ya sabuni ingetamani kuwa nao, na umejengwa na watu ambao mtoto huyo hajapata kuwaona.

Saa hiyo hiyo, katika vijiji vya Ikungi, Mkalama na Itigi, wenzake wengi wako nyuma ya ng'ombe na mbuzi, au wako njiani na ndoo za maji. Jumamosi ni siku ambayo shule imewarudishia wazazi nguvukazi yao. Kipindi kinapoanza, wao ndiyo kwanza wanaipeleka mifugo malishoni.

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Singida una wakazi 2,008,058. Mwaka 2012 walikuwa 1,370,637. Ongezeko la watu zaidi ya 637,000 katika miaka kumi lina maana kwamba idadi ya watoto ni kubwa, na kwamba swali la nani anazungumza nao wakiwa nje ya darasa si dogo.

Uaminifu wa mtazamaji mdogo haupatikani kwa rangi kali wala kwa kelele, kama wengi wanavyodhani. Unajengwa na mambo yaleyale ambayo bibi aliyasimamia kando ya moto: saa isiyobadilika, sauti inayofahamika, na hadithi ambayo mtoto anaruhusiwa kuidai tena kesho hata kama ameisikia jana.

Tanzania Bara ilikwishaijua siri hiyo kabla ya kuwa na luninga. Kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, ambacho wengi wanakikumbuka kwa sauti ya Debora Mwenda, kiliwakusanya watoto wa nchi nzima bila picha hata moja. Waliokuwa wadogo wakati huo bado wanaikumbuka sauti hiyo leo, wakiwa wazazi na hata wajukuu wakiwa mapajani.

Luninga ilikuja baadaye sana. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi vituo binafsi vilipoanza mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa, ambayo sasa ni TBC1, ilizinduliwa rasmi mwaka 2000. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya katuni zilizoonyeshwa zilikuwa za kununuliwa nje, na nyingi za zile zilizopendwa zaidi, kama Tom and Jerry, hazikuhitaji lugha kwa sababu wahusika wake hawasemi sana. Paka alimfukuza panya, watoto wakacheka, na somo likaishia hapo.

Huko nje, wataalamu walikwisha kulifanya jambo hili kuwa kazi ya utafiti. Sesame Street ilipoanza kuonyeshwa nchini Marekani Novemba 10, 1969, sehemu zake zilikuwa zimepitishwa kwenye jaribio la mtafiti Edward Palmer. Aliweka mashine ya kuonyesha picha kando ya luninga, ikibadilisha picha kila baada ya sekunde chache, kisha akaandika ni wakati gani macho ya mtoto yalihama kutoka kwenye kipindi. Palipohamisha macho palifumuliwa na kutengenezwa upya.

Mwaka 1996 kipindi kingine cha Marekani, Blue's Clues, kilifanya jambo ambalo mtu mzima angeliona kuwa ni uvivu. Kipindi kilekile kimoja kilirudiwa siku tano mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa. Watafiti waliowafuatilia watoto waligundua kwamba kadiri siku zilivyokwenda ndivyo walivyojibu maswali kwa sauti zaidi, wakainuka na kuonyesha kwa vidole. Mtu mzima akiona marudio hulalamika kwamba kituo kimeishiwa. Mtoto hufurahi, kwa sababu sasa anajua kitakachofuata na anaweza kumtangulia mtangazaji.

Mfano wa Uingereza una uzito wa aina yake. Biddy Baxter, aliyekuwa mhariri wa kipindi cha Blue Peter cha BBC kilichoanza mwaka 1958, alipokuwa mtoto alimwandikia barua mwandishi Enid Blyton, akajibiwa. Alipoandika mara ya pili alipata jibu lilelile, neno kwa neno. Hakulisahau. Alipopewa madaraka ya kipindi aliagiza kila mtoto anayeandika afunguliwe kadi, ili barua yake ya pili isijibiwe kama ya kwanza. Kuanzia mwaka 1963 watoto walioshiriki walianza kupewa beji ya kipindi, na beji hiyo bado inatolewa.

Ni vigumu kukitazama kilichofanyika Dar es Salaam miaka 50 baadaye bila kuikumbuka kadi ile. Mwaka 2013 Nisha Ligon na wenzake walianzisha shirika la Ubongo, na Januari 2014 kipindi chao cha Ubongo Kids kikaanza kuonyeshwa TBC1. Hisabati na sayansi ziliingizwa katika visa vya akina Kibena, Koba, Kiduchu, Baraka na Amani, na kila kisa kikabeba wimbo wake.

Lakini jambo lililowatofautisha na wengine lilikuwa la simu. Mtoto aliulizwa swali katikati ya kipindi, akatakiwa kujibu kwa ujumbe mfupi kupitia simu ya kawaida, ile ya tochi ambayo baba au mama anayo mfukoni. Ujumbe wa kumtia moyo ulimrudia kutoka kwa mhusika wa katuni. Mtoto aliyejibiwa na katuni si mtazamaji tena. Amekuwa rafiki, na rafiki hakosi miadi.

Mwaka 2016 shirika hilo lilianzisha Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila anapolala huingia katika nchi ya ndoto yenye wanyama rafiki zake. Anasema Kiswahili. Ana nywele kama za mtoto anayemtazama. Kwa mtoto wa Singida, ambaye kwa miaka mingi katuni ilimwonyesha theluji na nyumba zenye mabomba ya moshi, hilo si jambo la kupita tu.

Wageni nao walikwisha kulijua hilo. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa nchini ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam Machi 2013. Waliotengeneza toleo hilo hawakubadilisha hata picha moja. Walibadilisha lugha, wakapata wafuasi.

Je, uaminifu huo una faida yoyote kwa mtoto mwenyewe, au ni kwa kituo peke yake? Hapa kuna ushahidi wa nyumbani. Utafiti wa Dina Borzekowski na mwenzake Jacob Macha, uliochapishwa mwaka 2010, uliwahusisha watoto 223 wa Dar es Salaam na Kisarawe waliofuatiliwa wakati wa kutumia Kilimani Sesame, toleo la Tanzania la Sesame Street. Waliokipokea kipindi kwa karibu zaidi ndio waliopiga hatua kubwa zaidi, si katika kusoma na kuhesabu tu, bali hata katika kuielewa malaria.

Borzekowski alirudi na utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018, safari hii mjini Morogoro na kwa watoto 568 wa shule za awali. Waliotazama Akili and Me kwa wiki kadhaa waliwazidi wenzao waliotazama vipindi vingine katika kuchora, kutambua maumbo, kutambua namba, kuhesabu na maneno ya Kiingereza. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakitumia takwimu za Uwezo, nao walionyesha uhusiano kati ya kutazama Ubongo Kids na uwezo wa hisabati wa watoto wa Tanzania.

Maana yake ni kwamba kipindi cha namna hii hakifundishi kwa kutazamwa mara moja. Kinafundisha kwa kurudiwa. Mtoto anayekiona leo na kukikosa wiki tatu amepata burudani. Kwa hiyo kila kinachomkatia mtoto mfululizo wake kinamkatia somo, na huko Singida vya kukata ni vingi.

Cha kwanza kilikuwa king'amuzi. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, na awamu iliyofuata mwaka 2014 ikazigusa Singida na Tabora. Kwa bahati isiyo nzuri, ni mwaka uleule ambao Ubongo Kids ilikuwa ndiyo kwanza inatafuta watazamaji wake. Familia iliyokuwa na luninga na antena ya bomba juu ya paa ilijikuta na sanduku lisilo na picha hadi inunue kifaa kingine.

Miaka minne baadaye, Agosti 2018, watazamaji wa DStv, Azam na Zuku waliamka wakakuta vituo kadhaa vya ndani visivyolipiwa vimeondolewa, kutokana na mvutano wa masharti ya leseni. Watu wazima walijadili taarifa ya habari na mpira. Haikusikika sana hoja ya mtoto aliyekitafuta kipindi chake asikione, wala hakuna aliyemweleza kwa nini.

Cha pili ni umeme. Njia kuu ya msongo wa kilovoti 400, yenye urefu wa kilomita 670 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, inapita juu ya mashamba ya alizeti ya mkoa huu. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umesogeza nguzo hadi vijijini, na hilo linastahili sifa. Hata hivyo, nguzo kufika kijijini ni jambo moja, waya kuingia nyumbani ni jambo la pili, na LUKU kuwa na uniti Jumamosi asubuhi ni la tatu.

Cha tatu ni lugha, na hapa Singida ina upekee unaostahili kuzungumzwa zaidi kuliko unavyozungumzwa. Katika ukanda huu wa kati wa nchi, makundi ya lugha yasiyo na undugu yamekuwa majirani kwa karne nyingi. Kinyaturu na Kinyiramba ni za Kibantu, Kitaturu ni ya Kinailoti, Kiiraqw cha jirani zao ni ya Kikushi, na Kihadzabe, chenye sauti za kidoko, hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani.

Mtoto wa Mtinko au Mgori anaweza kufika darasa la awali akiwa na Kinyaturu safi na Kiswahili cha kuokoteza. Mwenzake wa Manispaa, aliyekaa mbele ya luninga tangu akiwa na miaka mitatu, anafika akiwa na Kiswahili cha Akili, pamoja na rangi na namba za Kiingereza juu yake. Wote wawili wanaingia darasa moja, ambalo tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 limekuwa na msongamano wa kutosha. Mwalimu anauona mmoja kuwa mwepesi na mwingine kuwa mzito. Tofauti yao inaweza kuwa ni antena.

Janga la korona lilikionyesha kisa hiki waziwazi. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 hadi shule za msingi zilipofunguliwa tena Juni 29, masomo yalihamishiwa kwenye redio na luninga. Wenye vifaa waliendelea kwa kiasi chao. Wengine walirudi kuchunga.

Hata mtoto mwenye luninga nyumbani si mwenye rimoti. Jioni, anapokuwa amepumzika, kifaa ni cha baba kwa taarifa ya habari na mpira, kisha ni cha mama na dada kwa tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Yeye hutazama anachotazamiwa. Akilala kabla ya sehemu inayofuata, hakuna anayemwambia kilichotokea.

Kuna mwenye biashara mmoja, hata hivyo, aliyeielewa saa ya mtoto wa kijijini kuliko vituo vyote vya taifa. Naye ni mwenye kibanda umiza. Hufungua mifugo ikiwa imerudi. Hutoza kiasi ambacho mtoto anaweza kukipata. Huonyesha filamu za mapigano zilizosimuliwa kwa Kiswahili na watafsiri waliofuata njia ya Derek Mukandala, maarufu Lufufu, ambao hawakutafsiri maneno tu bali walieleza, walitania na kumsemesha mtazamaji. Kila kanuni ya Sesame Street imo mle: lugha inayoeleweka, sauti inayofahamika, marudio, saa inayojulikana. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuuliza kama filamu hiyo inamfaa mtoto wa miaka minane.

Wazazi na viongozi wamezoea kuvilaani vibanda hivyo na kutaka vifungwe. Lawama ina msingi. Lakini kukifunga kibanda bila kumpa mtoto kitu cha saa kumi na mbili jioni ni kumpeleka tu kwenye kibanda cha kijiji cha pili.

Mjini hali ni tofauti, ingawa si lazima iwe nafuu. Mkoba wa shule wenye picha ya Spider-Man au Barbie unauzwa sokoni kwa mtoto ambaye huenda hajapata kumwona mhusika huyo akitembea. Uaminifu umetangulia kipindi, ukageuka bei. Biskuti, juisi na madaftari vinafuata njia hiyo hiyo, na mzazi anayevutwa gauni dukani anajua nguvu ya jambo hili kuliko mchambuzi yeyote.

Simu za kisasa nazo zimebadili mchezo. Mtoto anayepewa simu ya mama ili atulie hana saa ya kipindi. Video moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, iliyochaguliwa na mashine inayojali dakika zake na si umri wake. Vipindi vya Ubongo vimo humo pia, lakini vimo pamoja na kila kitu kingine, na kinachomzuia mtoto kuhama ni bando kuisha.

Kenya ilichukua njia yake. Machi 2020 ilianzishwa Akili Kids!, kituo cha watoto kinachopatikana bila malipo ya mwezi, kwa hoja kwamba mtoto asiye na saa yake kwenye kituo cha wakubwa apewe kituo kizima. Njia hiyo ina gharama, na inahitaji matangazo ya biashara au wafadhili wasiochoka. Vipindi vizuri vya watoto katika kanda hii vimeishi kwa fedha za wafadhili kwa sehemu kubwa, na mradi unapofika mwisho, mtoto aliyezoea wimbo wa kufungulia haulizwi.

Kwa Singida, jambo la karibu zaidi si kituo kipya wala mnara mpya. Ni ratiba. Kipindi kinachoonyeshwa mwishoni mwa wiki asubuhi kimepangwa kwa ajili ya nyumba ambayo mtoto wake amelala hadi jua limepanda na kazi yake ya kwanza ni chai. Kukirudia kipindi hicho jioni, siku zilezile na saa ileile, wiki baada ya wiki, ni uamuzi wa mezani.

Redio ni jambo la pili. Ubongo imekwisha kutengeneza vipindi vyake kwa redio, na redio haidai waya wala king'amuzi. Redio za kijamii na zile binafsi zinazosikika Singida zinaweza kuvibeba, na TBC Taifa, mrithi wa kituo kilichowahi kuwa na Mama na Mwana, ina historia ya kazi hiyo kuliko yeyote. Halmashauri nazo zina shule zenye umeme ambazo hufungwa saa tisa alasiri, na luninga moja katika darasa moja ingeweza kuwakusanya watoto wengi kuliko nyumba yoyote ya Majengo.

Mifugo ya Ikungi hurudi zizini jua linapozama. Kati ya saa hiyo na taarifa ya habari ya saa mbili usiku, watoto huwa wamekaa karibu na jiko wakisubiri ugali uive, na katika nyumba nyingi redio huwa imekwisha kuwashwa.